Siku za Kutafuta Mtoto

Mfugaji wa Oldonyo Sambu anajua siku ya kumpeleka ng'ombe kwa dume. Anamwona akipanda wenzake na kutoa ute unaovutika. Siku hiyo ikipita, atangoja kama wiki tatu. Mwanamke naye ana siku zake za kushika mimba, lakini hazionekani kwa nje.

Kwa kawaida, kila mzunguko wa hedhi yai moja hupevuka ndani ya mwili wa mama. Yai hilo huishi saa 12 hadi 24 tu. Mbegu za mwanamume zaweza kuishi ndani ya mwili wa mama hadi siku 5. Kwa hiyo siku za kushika mimba ni kama 6: siku ya yai na siku 5 kabla yake.

Siku ya yai tutaijuaje? Mwaka 1924 daktari Kyusaku Ogino wa Japani alieleza kuwa tuhesabu kurudi nyuma kutoka hedhi inayokuja. Yai hutoka karibu siku 14 kabla ya hedhi hiyo. Mama mwenye mzunguko wa siku 28, yai lake hutoka karibu siku ya 14. Mwenye siku 32, ni karibu siku ya 18. Si kweli kwamba akina mama wote wana siku moja.

Akina mama wa hapa ni mafundi wa shanga. Basi chukua uzi. Siku damu inapoanza, tunga ushanga mwekundu. Kila asubuhi inayofuata ongeza ushanga mweupe mmoja. Damu ikianza tena, tunga mwekundu mwingine. Sasa hesabu shanga kuanzia mwekundu wa kwanza hadi mweupe wa mwisho. Huo ndio mzunguko wako. Fanya hivyo kwa miezi kadhaa.

Lakini hesabu yaweza kubadilika kwa ugonjwa, njaa, mashaka au kunyonyesha. Kwa hiyo tazama pia ute wa ukeni. Nawa mikono kwanza. Yai likikaribia kutoka, ute huwa mwingi, mwangavu na wa kuteleza. Huvutika kati ya vidole kama ute wa yai bichi la kuku. Siku hizo mke na mume walale pamoja kila siku, au siku moja waache, inayofuata walale pamoja.

Mume naye aoneshwe uzi huo. Wakati wa kiangazi wanaume wengi huenda mbali na mifugo. Mume akirudi nyumbani siku zimepita, miezi hupotea bure, na mama huitwa tasa!

Mwaka mmoja ukipita bila mimba, nendeni zahanati wote wawili. Mama wa miaka 35 au zaidi asingoje zaidi ya miezi 6. Mama ambaye hedhi yake haina mpango aende mapema. Katika karibu nusu ya ndoa zinazokosa mtoto, mwanamume ana tatizo, peke yake au pamoja na mkewe. Kuoa mke wa pili si kipimo. Kipimo cha mbegu hufanywa hospitali.

ZOEZI
Mzunguko wa mama mmoja ni siku 26. Damu imeanza tarehe 3 Aprili.
1. Hedhi inayofuata itaanza lini?
2. Rudi nyuma siku 14. Ni tarehe ngapi?
3. Mume wake aliye malishoni arudi nyumbani kabla ya tarehe ngapi?