SOMO: UTAFITI WA CHANJO YA UKIMWI NI AMANA

Alhamdulillah. Ndugu zetu wa darasa ya Kakamega wametuuliza: yafaa Mwislamu kushiriki katika utafiti wa chanjo ya Ukimwi? Jawabu yetu ni kuwa yafaa, kwani Mtume (S.A.W.) ametuhimiza kujitibu. Walakini utafiti ni amana, na amana ina masharti.

Sharti la kwanza ni ukweli. Mpaka leo chanjo ya kukinga Ukimwi haijapatikana. Hapa Kenya majaribio yalianza Nairobi mwaka 2001, kwa chanjo iliyotokana na uchunguzi wa wanawake wa Majengo, Pumwani, ambao baadhi yao hawakuambukizwa ijapokuwa hatari iliwazunguka. Chanjo ile haikufaulu. Ya Thailand, mwaka 2009, ilionekana kupunguza maambukizo kwa kadiri ya 31 katika mia. Ya Afrika Kusini ikasimamishwa mwaka 2020 kwa kukosa faida. Mtafiti na awaambie watu haya kabla ya kuwaomba damu yao.

Sharti la pili ni ridhaa ya mwenye kujua. Wako wasemao kuwa chanjo hizo zatia Ukimwi. Si kweli, kwani hazina kirusi kizima cha kuambukiza. Lakini liko jambo ambalo halifai kufichwa: kinga itokanayo na chanjo yaweza kukifanya kipimo cha kawaida kionyeshe kuwa mtu ameambukizwa, ilhali hakuambukizwa. Mfikirie kijana anayepimwa kabla ya nikaha! Basi na aulize mapema: nani atanipima kwa kipimo cha kupambanua, na nitapewa hati gani? Tena ajue kuwa ana haki ya kujitoa wakati wowote, pasi na kulaumiwa.

Sharti la tatu ni mashauriano. Mwaka 2019 chanjo ya malaria ilianza kutolewa katika sehemu za magharibi ya Kenya, Kakamega ikiwemo. Kabla ya hapo ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 15,000 wa nchi 7 za Afrika, wakiwemo watoto wetu wa Kilifi. Basi mtoto wa Mumias, mji ulioupokea Uislamu kutoka kwa watu wa pwani, akingwa leo kwa subira ya wazazi wa pwani. Na huko Kilifi taasisi ya KEMRI ina wawakilishi waliochaguliwa na wenyeji, wa kuyafikisha maswali na malalamiko yao. Tetesi za mumiani haziondoki kwa karipio. Huondoka kwa kujibiwa.

Na sisi tuna wajibu wetu. Sura ya Al-Hujurat yatuamrisha kuichunguza habari kabla ya kuitenda, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Basi wazee wa misikiti, na akina mama pamoja nao, wawaite watafiti, wawaulize mbele ya watu, na wadai kurudishiwa matokeo, mema au mabaya. Anayekataa baada ya kuelewa hana lawama. Mwenye lawama ni anayekataza wenziwe kwa uvumi, na anayewaandikisha kwa kuwaficha.

Wabillahi tawfiq.