Mjue Mwajiri Kabla ya Siku ya Usaili



Vijana wengi wa Nakivale wakiitwa kwenye usaili, yaani mahojiano ya kazi, hufua shati, hupanga vyeti na kutafuta nauli ya Mbarara. Hayo ni mema. Lakini wachache hujiuliza: hawa walioniita ni akina nani?

Kutojua kuna gharama. Mwaka 2023 WFP ilianza kugawa msaada wa chakula kwa makundi ya mahitaji, na mwaka 2025 watu wengi waliondolewa kwenye orodha. Nauli ya kwenda mjini yaweza kuwa ndiyo maharage ya nyumba nzima. Basi tumchunguze mwajiri kwa sababu mbili: tupate la kujibu, na tusidanganywe.

1. MASWALI MATANO

Yaandike katika daftari, na mbele ya kila swali uandike jibu utakalopata:
- Mwenye mahali hapo ni nani: serikali, kanisa, shirika au mfanyabiashara?
- Wanafanya kazi gani hasa?
- Wanaohudumiwa ni watu gani?
- Kazi ninayoomba inasaidia wapi?
- Lugha gani inatumika?

2. MFANO: RUHARO

Tuseme umeitwa kwa kazi ya mapokezi katika Hospitali ya Misheni ya Ruharo, iliyoko Mbarara, upande wa barabara ya Bushenyi. Kujua kwamba ni hospitali hakutoshi. Ukiuliza utaambiwa kuwa ni ya Dayosisi ya Ankole ya Kanisa la Uganda. Utaambiwa pia kuwa ina Kituo cha Macho, kinachojulikana kwa kutibu watoto wenye saratani ya jicho.

Sasa fikiri. Mtu wa mapokezi hapo atakutana na wazee wasioona vizuri na akina mama wenye hofu. Kazi inataka subira, kumshika mgonjwa mkono, na walau salamu ya Kinyankore: “Agandi?” Ukiulizwa kwa nini unaitaka kazi hiyo, usiseme tu, “Nina shida.” Wote waliokaa kwenye benchi wana shida. Sema, “Najua mnapokea wagonjwa wa macho. Nyumbani nimemwongoza bibi yangu asiyeona, na nazungumza Kiswahili na Kifaransa, hivyo nitawasaidia wagonjwa wanaotoka Kongo.” Lakini sema lililo kweli kwako. Uongo hufichuka kwenye swali la pili.

3. HABARI ZINAPATIKANA WAPI?

Kwanza, kwa majirani. Aliyetibiwa hapo, aliyefanya kibarua hapo, au dereva wa taksi anayepita hapo kila siku, wote wanajua jambo.

Pili, mahali penyewe. Ukienda mjini kwa shughuli nyingine, pita getini. Soma kibao na ubao wa matangazo, tazama ni watu gani wanaingia, na uwasalimu walinzi.

Tatu, kwenye simu. Asiye na intaneti amwombe rafiki amtafutie jina la mwajiri. Kama ni kampuni, jina lake laweza kuulizwa katika ofisi ya URSB, inayoandikisha kampuni nchini Uganda.

Neno la mtu mmoja ni fununu. Tafuta la pili ulinganishe.

4. DALILI ZA UDANGANYIFU

Mwajiri wa kweli hauzi kazi. Simama na uulize ukiona haya:
- Unaombwa pesa ya fomu, ya sare au ya “kumshukuru bosi”.
- Hakuna ofisi, ila namba ya simu tu.
- Unaitwa nyumba ya wageni, au jioni, na peke yako.
- Wanataka kubaki na kadi yako ya ukimbizi au vyeti halisi. Wape nakala.
- Wanaahidi kazi ya nje ya nchi na kukuhimiza usimwambie mtu.

Wakala wa kazi za nje lazima awe na leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Biashara ya kusafirisha watu ni kosa kwa sheria ya Uganda ya mwaka 2009. Ukiwa na shaka, nenda polisi au ofisi ya ulinzi kabla ya kusafiri, si baada. Dada zetu hasa walizingatie hili.

5. NA WEWE UNA HAKI YA KUULIZA

Mwajiri akisema mkimbizi haruhusiwi kufanya kazi, mweleze kwa heshima kwamba Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inatupa haki ya kutafuta ajira. Uliza mshahara ni kiasi gani, saa ngapi za kazi, na kama kuna mkataba wa maandishi. Uliza pia kuhusu NSSF: mwajiri huchangia asilimia 10 ya mshahara na mfanyakazi asilimia 5. Kwa mafunzo ya kazi, uliza kama kuna posho ya nauli na chakula, na kama utapewa barua mwishoni.

ZOEZI

Kaeni wawili wawili. Kila mmoja achague mahali pa kazi Mbarara au hapa Nakivale, ajibu yale maswali matano, kisha mwenzake amsaili. Asiyejua kusoma asomewe. Swali litakalokosa jibu, hilo ndilo la kwenda kuulizia kesho.