Ziwa Naivasha na Samaki Wake: Somo Juu ya Kuvua kwa Kiasi

Wengi wetu tunakaa karibu na maji, ama ziwa, ama mto, ama bwawa lililochimbwa na wanakijiji wenyewe. Na mara nyingi twasikia watu wakinung'unika ya kuwa samaki wamepungua, wala si wakubwa kama walivyokuwa zamani. Mmoja husema ni mvua, mwingine husema ni ndege, na mwingine humlaumu jirani yake. Kwa hiyo twaona yafaa tujifunze habari za ziwa moja dogo ambalo mambo yake yameangaliwa kwa muda mrefu, tupate kujua kwa nini samaki hupungua, na watu waweza kufanya nini. Ziwa hilo ni Naivasha, katika nchi ya Kenya.

1. Ziwa lenyewe

Naivasha limo katika Bonde la Ufa, kaskazini-magharibi ya Nairobi, mahali palipoinuka mita zipatazo 1,890 juu ya usawa wa bahari. Baadhi ya maziwa ya bonde lile yana maji ya magadi yasiyonyweka. Lakini maji ya Naivasha hunyweka, ijapokuwa hakuna mto uonekanao kutoka ndani yake. Sababu yake ni hii: maji hupenya chini ya ardhi, nayo huchukua chumvi pamoja nayo. Mto uletao maji mengi kuliko mingine ni Malewa.

Ziwa hili si la kina kirefu. Mvua ikiwa nyingi hupanuka, na mvua ikikosekana hurudi nyuma sana. Mwaka 2020 maji yalipanda hata yakaingia katika nyumba za watu, nao wakalazimika kuhama. Kandokando yake humea mafunjo, na katika mafunjo hayo na maji haba ya ukingoni ndimo samaki wachanga wanamojificha. Neno hili tulishike, maana tutalirudia.

2. Samaki walioletwa

Huenda msomaji akastaajabu kusikia ya kwamba karibu samaki wote wavuliwao Naivasha ni wageni. Mwenyeji alikuwa mmoja tu, samaki mdogo sana asiyefaa biashara, naye hakuonekana tena baada ya mwaka 1962. Mwaka 1925 waliletwa perege wa kwanza. Mwaka 1929 akaletwa samaki wa Marekani mwenye kinywa kipana, alaye samaki wenzake, ili watu wapate kumvua kwa mshipi kwa kujifurahisha. Mwaka 1956 perege wa aina nyingine mbili walionekana ziwani, na mwaka 1959 uvuvi wa nyavu kwa biashara ulifunguliwa.

Mwanzoni mavuno yalikuwa mema. Mwaka 1970 zilipatikana tani zipatazo 1,150. Lakini hazikupita siku nyingi mavuno yakaanguka sana. Mwaka uleule wa 1970 waliletwa kamba wa maji baridi kutoka Marekani. Kamba hao wakaongezeka, wakala majani yaliyomea ndani ya maji, hata mahali pengi yakatoweka. Na samaki wachanga wakakosa maficho. Basi tusifanye haraka kusema kosa ni la wavuvi peke yao. Lakini wavu nao una neno lake, kama tutakavyoona.

3. Jinsi perege anavyozaa

Mtu asiyejua mnyama wake anavyozaa hawezi kumfuga, na vivyo hivyo kwa samaki. Perege wa Naivasha wana desturi mbili. Aina moja, mwenye tumbo jekundu, hutaga mayai chini, penye maji haba, kisha mume na mke hukaa wakiyalinda. Aina nyingine, dume huchimba kishimo katika mchanga au matope. Jike akiisha kutaga huyachukua mayai yote kinywani mwake, akayatunza humo hata yaanguliwe. Watoto nao wakiona hatari hukimbilia kinywa cha mama yao.

Tazama basi lipatikanalo mtu akiburuta kokoro ukingoni. Havui samaki aliyemwona tu. Huvunja vishimo, huwafukuza walinzi, na kila jike amkamataye akiwa na mayai kinywani, amemvua yeye pamoja na watoto wake. Ni sawa na mchungaji achinjaye ng'ombe mwenye mimba kwa kitoweo cha siku moja.

4. Wavu na tundu lake

Wavu wa kutega, yaani jarife, hukamata kwa kipimo. Samaki huingiza kichwa katika tundu. Akiwa mdogo hupita akaenda zake, akiwa wa kadiri hunaswa kwa mashavu yake. Kwa hiyo mwenye kuchagua tundu la wavu amechagua umri wa samaki atakaowavua. Tundu likiwa pana, samaki hupata nafasi ya kuzaa walau mara moja kabla ya kunaswa. Likiwa dogo, hunaswa mitamba ambayo haijazaa bado.

Tena liko jambo la kujihadhari. Perege wakivuliwa mno wakiwa wadogo, wale wazaao mapema, wangali wafupi, ndio wanaobaki kuacha uzao. Hivyo ziwa laweza kujaa samaki tena, lakini wawe wadogo, nao wavuvi huzidi kupunguza matundu ili wawapate. Kila hatua yaonekana kuwa ndogo, wala hakuna amalizaye ziwa kwa siku moja. Lakini wahenga walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali.

Mtu akitaka kupima wavu wake, na ashike tundu moja, alivute mpaka linyoke, kisha apime kutoka fundo la upande huu hata fundo la upande wa pili. Asipime tundu likiwa limelegea, maana atajidanganya.

5. Mwaka wa kufungwa

Samaki walipokuwa haba sana, serikali ilifunga uvuvi wa Naivasha kwa muda wa mwaka mzima, tangu Februari 2001. Neno hili ni rahisi kuliandika, lakini ni zito kulichukua. Mkulima akiambiwa aache shamba mwaka mmoja, hujua ya kwamba mwaka wa pili shamba ni lake bado. Mvuvi hana hakika hiyo. Samaki amwachaye leo aweza kuvuliwa kesho na mwingine asiyeacha. Hapa ndipo penye shida yote ya uvuvi: kuacha kwa mtu mmoja hakumfai kitu, ila wote wakiacha pamoja.

Wakati uleule akaonekana mgeni mwingine, karpi, aliyeshuka kwa njia ya mto Malewa. Karpi hutaga mayai mengi mno, tena hula kwa kuchimbua matope ya chini, hata maji huchafuka. Ziwa lilipofunguliwa tena, haikupita miaka mingi karpi akawa ndiye aliye mwingi katika nyavu. Mwaka 2011 serikali ikatia perege wa Nile ili kuongeza mavuno.

Twajifunza nini? Kwanza, kufunga ziwa huwapa samaki nafasi, lakini hatuwezi kuamuru ni samaki gani watakaoitumia. Pili, kuleta samaki mgeni ni jambo lisilorudishwa. Wavu mbaya waweza kuchomwa moto. Samaki aliyekwisha kuzaa ziwani haondoki kwa amri ya mtu.

6. Nani mchungaji wa samaki?

Zamani ilidhaniwa kazi ya kulinda ziwa ni ya askari wa serikali tu. Lakini askari ni wachache, na usiku ni mrefu. Kwa hiyo mwaka 2007 Kenya ilitoa kanuni za vikundi vya kusimamia fukwe, na sheria ya uvuvi ya mwaka 2016 ikaviweka tena. Katika vikundi hivyo wavuvi, wenye mitumbwi na wachuuzi hukaa pamoja. Kazi yao ni kuandikisha mitumbwi, kulinda mahali pa mazalio, na kuandika hesabu ya samaki waliotua kila siku. Hesabu hiyo isidharauliwe, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Lakini tusiwasahau walio nje ya daftari. Wako watu wasio na cheti wala mtumbwi, waingiao majini kwa miguu na kutega nyavu ukingoni, mahali pale pale penye samaki wachanga, tena penye viboko waliokwisha kuua watu. Mtu hajitii katika hatari kama hiyo kwa ukaidi tu. Njaa ya nyumbani humsukuma. Kumnyang'anya wavu bila kumwonyesha kazi nyingine ni kumfundisha kuvua usiku. Kwa hiyo wazee wapangapo miezi ya kufunga ziwa, na wapange pia watu watakula nini katika miezi hiyo: bustani, kuku, nyuki, au kazi ya mikono.

Na wakulima walio juu ya mto nao wana sehemu yao. Udongo uchukuliwao na mvua kutoka katika mashamba yasiyo na matuta huishia ziwani, na maji yatolewayo mtoni kwa mashamba hayafiki kwa samaki. Ziwa hulindwa tangu mlimani.

Basi walimu na wazee wa vijiji, msingoje mpaka wavu urudi mtupu. Kaeni na wavuvi wangali na kitu cha kugawana, mkapatane matundu ya nyavu, na mahali pasipovuliwa, na miezi ya kupumzisha maji. Patano la watu walioshiba huwa rahisi kuliko patano la wenye njaa.

Maswali ya kujifunza

1. Kwa nini mafunjo na maji haba ya ukingoni ni mahali pa kulindwa?
2. Eleza jinsi tundu la wavu linavyochagua umri wa samaki.
3. Kwa nini kuacha kuvua kwa mtu mmoja hakutoshi?
4. Samaki mgeni ana hatari gani? Toa mfano mmoja katika somo hili.
5. Katika ziwa, mto au bwawa la kwenu, ni nani hukosa chakula uvuvi ukifungwa, nanyi mwaweza kumsaidia namna gani?