SOMO LA 9: KISHIKWAMBI KIKUBWA AU KIDOGO?



Je, unaikumbuka sensa ya mwaka 2022? Ilianza tarehe 23 Agosti. Makarani walipita nyumba kwa nyumba, hapa Kalangalala na katika vijiji vyote vya Geita. Hawakubeba madodoso ya karatasi kama mwaka 2012. Walishika vishikwambi. Karani aliuliza swali, ukajibu, naye akagusa kioo kwa kidole. Watu 61,741,120 walihesabiwa katika nchi yetu.

Kishikwambi ni kifaa kama simu ya kugusa, lakini kioo chake ni kikubwa zaidi. Baada ya sensa, vishikwambi vile viligawiwa walimu wa shule. Siku hizi hata vikundi vya kuweka na kukopa hununua kishikwambi cha kutunzia hesabu. Fedha ya kikundi ni jasho la watu wengi. Kwa hiyo tujifunze kuchagua kabla ya kulipa.

Kioo hupimwaje?

Kioo hupimwa kwa inchi. Inchi 1 ni sawa na sentimita 2.54. Kipimo hiki si cha urefu, wala si cha upana. Ni cha mshazari, yaani kutoka pembe moja ya kioo hadi pembe inayoielekea.

Simu nyingi za kugusa zina kioo cha inchi 6 hivi. Kishikwambi kidogo kina inchi 7 au 8. Kikubwa kina inchi 10 au 11.

Hapa watu wengi hukosea. Mtu husema, "Kati ya inchi 7 na inchi 10, tofauti ni inchi 3 tu." Sasa tupige hesabu. Kioo cha inchi 7 huweza kuwa na urefu wa sentimita 15 na upana wa sentimita 9 na nusu. Zidisha. Utapata eneo la sentimita za mraba 142 na nusu. Kioo cha inchi 10 cha umbo hilohilo kina sentimita 21 na nusu kwa 13 na nusu. Zidisha tena. Utapata karibu 290. Hiyo ni mara mbili! Nafasi ya kusomea ni mara mbili, na nafasi ya kubeba ni mara mbili pia.

Faida na taabu

Kioo kikubwa kina faida. Ukurasa mzima wa daftari la hesabu huonekana kwa pamoja. Watu watano au sita huweza kuketi na kutazama picha za kilimo bora. Mwenye macho hafifu hukuza herufi, na maneno bado yanaenea.

Lakini kioo kikubwa kina taabu zake. Uzito wake hukaribia nusu kilo. Nusu kilo ya sukari si mzigo. Lakini ishike kwa mkono mmoja saa nzima, ndipo utajua. Tena kioo kikubwa hula umeme mwingi. Betri yake ni kubwa, na sola ndogo ya nyumbani huchelewa kuijaza.

Kioo kidogo hubebwa kwa urahisi. Kifaa cha inchi 8 kina gramu 300 hivi. Unakishika kwa mkono mmoja na kugusa kwa mkono wa pili. Kinaingia katika mfuko, mbali na vumbi la barabara na mvua ya ghafla. Taabu yake ni kusoma. Ukikuza herufi, maneno machache tu yanabaki kwenye kioo. Inakubidi kusukuma ukurasa kila mara.

Kazi ndiyo huchagua

Mkumbuke yule karani. Alikuwa akitembea, akisimama mlangoni, akisoma swali moja moja. Kazi ile ilitaka kifaa cha kushika mkononi. Mwalimu anayesoma kitabu kizima mezani ana kazi nyingine. Kifaa kilichomfaa karani huenda kisimtoshe mwalimu.

Basi kikundi chenu kijiulize maswali matatu:

1. Nani atakibeba? Je, anakwenda kwa miguu, kwa baiskeli au kwa bodaboda?
2. Watu wangapi watatazama kwa wakati mmoja?
3. Kitachajiwa wapi, na baada ya muda gani?

Msikilizeni hasa katibu, maana yeye ndiye mbebaji. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kifaa kikubwa kinachoachwa nyumbani hakiandiki hesabu ya mkutano. Na kifaa kidogo kisichosomeka huandika hesabu yenye makosa. Kwa njia zote mbili, mwanachama ndiye anayepoteza.

Jambo moja zaidi. Watu wengi wakipita umri wa miaka 40 huanza kuona herufi za karibu kwa shida. Ikiwa hata kitabu hiki unakisogeza mbali ili ukisome, nenda hospitali ukapimwe macho kwanza. Huenda unahitaji miwani, wala si kioo kikubwa.

Kazi ya kufanya

Kateni maboksi mawili: moja sentimita 15 kwa 9 na nusu, jingine sentimita 21 na nusu kwa 13 na nusu. Katibu ayabebe yote mawili kwa siku moja, shambani na sokoni. Jioni aseme lipi lilimsumbua.

Maswali

1. Kioo cha kishikwambi hupimwa kutoka wapi hadi wapi?
2. Kwa nini inchi 10 si "inchi 3 tu" zaidi ya inchi 7?
3. Taja taabu mbili za kioo kikubwa na taabu moja ya kioo kidogo.
4. Jadilianeni: kikundi chenu kinafaa kununua kipi? Kila mtu atoe sababu yake.