SOMO LA WIKI: Bei ya Kilo Siyo Faida

Wiki hii tunaweka kando bei za mahindi na maharage, tutazame bidhaa ambayo kila nyumba inazalisha lakini wachache wanaipigia hesabu: taka.

Vingunguti inaijua bidhaa hii. Mwaka 1988 Mahakama Kuu iliamuru Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam iache kumwaga taka Tabata, baada ya wakazi kushitaki. Taka zikahamia Kunduchi Mtongani; wakazi wa huko nao wakashitaki, wakashinda. Kuanzia 1992 mzigo ukaangukia Vingunguti, kando ya bonde la Msimbazi, hadi jaa lilipofungwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ikafuata Mtoni, na sasa ni Pugu Kinyamwezi. Jaa likisogea mbali, gharama ya lori inapanda.

Je, kuuza taka ili zitumike tena kunalipa? Tuchukue mfano wa kufundishia tu, siyo bei ya soko. Mwokotaji ana kilo 50 za chupa za plastiki. Dalali ananunua kwa sh. 300 kwa kilo. Kwa kuwa zilichanganyika na mabaki ya chakula, kilo 10 zinakataliwa kwenye mzani. Mapato ni sh. 12,000. Toa kukodi guta sh. 5,000, magunia sh. 1,000 na chakula sh. 2,500. Zinabaki sh. 3,500 kwa kazi ya kutwa nzima.

Sasa nyumba zitenganishe chupa mapema. Kilo zote 50 zinanunuliwa: sh. 15,000. Gharama ni zile zile, na mkononi zinabaki sh. 6,500. Bei ya kilo haikupanda hata shilingi moja. Kilichobadilika ni ndoo ya pili jikoni.

Ndoo hiyo ni muhimu kwa sababu zaidi ya nusu ya taka za majumbani Dar es Salaam ni zile zinazooza. Zikikaa peke yake zinafaa kwa mboji. Zikichanganywa, zinaharibu karatasi na plastiki zenye mnunuzi.

Taka za ujenzi zina hesabu nyingine. Nyumba ikibomolewa, nondo, mabati na mbao hupata mteja kwanza. Kifusi cha zege ni kizito na bei yake ni ndogo, hivyo nauli humaliza faida njiani. Kinalipa pale tu kinapopondwa na kutumika karibu, kwa mfano kujaza msingi au mashimo ya barabara ya mtaa.

Mwisho, tuulize nani analipwa. Kila gunia linalookotwa mtaani ni mzigo ambao lori halitaubeba hadi Pugu. Akiba hiyo ya mafuta hubaki kwa anayesomba taka; mwokotaji hulipwa plastiki yake tu. Ndiyo maana bei ya dalali ikishuka, huacha kuokota, na mzigo unarudi kwenye lori. Sehemu ndogo ya ada ya taka ingemfikia kwa kila kilo iliyopimwa, kazi isingesimama.

Msomaji, kabla ya kusema taka hazilipi, uliza kwanza: zimetenganishwa wapi, zimesafiri umbali gani, na akiba imeingia mfuko wa nani?