Kabla ya Kipyenga: Kusomea Uongozi wa Michezo Ukiwa Simiyu

Kila matokeo ya kidato cha nne na cha sita yanapotoka, maswali hunijia kutoka Bariadi, Maswa na Meatu. Wengi wanataka kujua kama michezo inasomewa, na kama aliyeisomea anapata kula. Nimechagua matano ya kujibu hapa.

Mwanangu anapenda mpira lakini kucheza hajui. Akasomee nini huko chuoni?

Hiyo si kasoro, mzazi mwenzangu. Fani hii haipimi miguu. Mechi ya dakika 90 huandaliwa kwa siku nyingi: kuna wa kuandika barua polisi, wa kutafuta gari la wagonjwa, wa kuhesabu tiketi, na wa kuhakikisha mistari ya chokaa imechorwa na nyavu hazina matundu. Mwanafunzi wa uongozi wa michezo hujifunza kupanga mashindano, kutunza fedha na vifaa, kusoma mikataba, kutafuta wadhamini na kulinda usalama wa watazamaji. Kipyenga kikilia, sehemu kubwa ya kazi yake imeshakwisha.

Hii si elimu ya Dar es Salaam? Sisi huku tuna pamba na ng'ombe.

Na ngoma je? Vyama vya ngoma vya Wagika na Wagalu vimeshindana Usukumani kizazi baada ya kizazi. Mavuno yakiisha, vyama hivi hupanga siku na uwanja, kila upande unakuja na manju wake, wanacheza kwa wakati mmoja, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Hapo kuna kalenda, timu, mashabiki na kanuni. Bariadi pia imeandaa Tamasha la Simiyu Jambo, lenye mbio za baiskeli, na viwanja vyake vya Nyakabindi vilibeba maonyesho ya Nane Nane ya kitaifa mwaka 2018. Kuandaa tunajua. Tunachokosa mara nyingi ni daftari: watu walikuja wangapi, fedha ilitumika wapi, nini kiliharibika na mwakani kirekebishwe vipi. Chuo kinakufundisha kulijaza.

Nikasome wapi bila kwenda mbali?

Jirani kabisa ni Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, wilayani Kwimba, mkoani Mwanza, si mbali na Malampaka ya Maswa kwa njia ya reli. Ni chuo cha serikali, na kinafundisha uongozi na utawala wa michezo, ufundishaji wa michezo na elimu ya michezo. Anayetaka ualimu aulizie pia Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza. Kwa shahada, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina elimu ya viungo na sayansi ya michezo. Sifa za kujiunga hubadilika, kwa hiyo soma mwongozo wa udahili wa mwaka husika: wa NACTVET kwa cheti na stashahada, wa TCU kwa shahada. Usimtegemee mtu wa kijiweni.

Nikimaliza, ajira ziko wapi?

Ya kwanza kutajwa ni afisa michezo wa halmashauri. Huyu huratibu mashindano ya shule, yaani UMITASHUMTA na UMISSETA, na husaidia klabu kuandika katiba na kusajiliwa kwa Msajili wa Vyama vya Michezo, chini ya Baraza la Michezo la Taifa lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Lakini nisikudanganye: kila halmashauri ina viti vichache, na wanaoviwania ni wengi. Tazama pia klabu zinazohitaji makatibu na mameneja wanaojua masharti ya leseni, vyama vya michezo, shule binafsi, jimu, waandaaji wa marathoni na mabonanza, na hoteli za watalii upande wa Lamadi na Serengeti, ambako mgeni akirudi kutoka mbugani anatafuta pa kupumzika na kuchangamka. Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa AFCON kwa pamoja, na wageni watakaokuja hawatapokelewa na wachezaji peke yao.

Mimi niko kidato cha tatu. Nianzie wapi?

Anzia ulipo, mwanangu. Mwombe mwalimu wa michezo uwe katibu wa timu ya shule. Andika ratiba, tunza jezi na mipira, hesabu michango. Mtaani kwenu kuna kibanda umiza cha kuangalizia mpira? Jitolee kwa mwenye nacho mwezi mmoja: andika mechi ipi ilijaza mabenchi, ipi iliyaacha wazi, na wateja walilalamikia nini. Utaona mapema kama kazi hii unaipenda au ulikuwa unapenda mpira tu. Kisha siku ya kwenda chuo, weka daftari hilo kwenye begi pamoja na vyeti. Vyeti watakavyokuja navyo wenzako vitafanana na vyako, lakini daftari lile utakuwa nalo wewe.