Kupima Kaboni Iliyomo Katika Tope la Bahari
Tutajuaje kiasi cha kaboni iliyozikwa chini ya bahari? Bomba hutoswa, likapanda na tope. Tope hukaushwa, hupimwa, kisha hutiwa asidi ili kaboni ya makombe itoke, ibaki ile ya viumbe. (Mimi niliyasahau makombe, jawabu langu likavimba!)

Tuseme meta moja ya ujazo ikikaushwa yabaki kilo 900, na kaboni ni 1 katika 100. Basi meta moja ya mraba, kina sentimeta 10, ina tope kilo 90, yaani kaboni gramu 900. Kilometa ya mraba: tani 900. Kosea ukaandika 2 katika 100, umezidisha tani 900 nyingine.

Mwaka 2020 wataalamu walikadiria tani bilioni 2,322 katika meta ya juu ya tope la bahari zote. Pasipofikiwa na bomba, walikisia kwa palipopimwa.